Bundi wa Mama Maliro

Kra, kra, kra. Makucha madogo juu ya mabati. Kavuo alishika pumzi gizani. Kando yake binti yake Sagesse, wa miaka minne, alikuwa amelala. Nyuma ya pazia mama-mkwe wake, Mama Maliro, bibi ambaye Sagesse alimwita koko, alikoroma kama mtu asiye na kesi na mtu yeyote. Kisha mluzi: fii, fii, fii.

Alikuwa bundi mdogo kama ngumi, mwenye madoa meupe kifuani, ndege wa misitu ya ukungu kule juu Kipese. Vita ilikuwa imefukuza watu milimani mpaka Butembo, na sasa ilikuwa inafukuza hata wenye mabawa. Mkimbizi kama wengine, ila huyu hakuna aliyemwandika kwenye liste ya msaada.

Jirani yao Adèle, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuwa amemwandika kwenye liste nyingine.

— Mama Sagesse, bundi juu ya nyumba, mama muzee ndani ya nyumba. Unataka tukuchoree?

— Mais, mama Adèle, mwalimu wetu wa masomo ya mangaribi alisema ile ndege inakulaka panya na wadudu tu.

— Mwalimu wako analalaka na bundi? Donc anyamaze. Jumamosi, ndege itoke ao mama muzee atoke.

Kutoka, kwenda wapi? Kwao Kipese. Na njia ya Kipese mwezi ule ilikuwa barrière juu ya barrière, vizuizi vya wenye bunduki. Vijana wenye miguu mizuri walikuwa wamepita kule na hawakuonekana tena, sembuse mama anayetembelea fimbo. Mumewe Kavuo, Kambere, alikuwa amekwama Mbau na mafuta yake ya mawese. Basi Kavuo akapigana na bundi peke yake. Alitupa mawe, akatoboa mabati. Alichoma pilipili ndani ya nyumba. Wote watatu wakakohoa mpaka machozi, na bundi akapiga mluzi.

Alhamisi usiku wakaja wale askari waliosema kwenye redio kwamba wamekuja kulinda raia. Wakalinda avenue nzima, nyumba kwa nyumba. Kwa Adèle walilinda redio, sufuria tatu na godoro. Kisha buti likagonga mlango wa Kavuo. Alimfunika Sagesse kwa mwili wake.

Fii, fii, fii, juu ya vichwa vyao.

— Ndoki! mmoja akalia kwa Kilingala. Ndoki azali awa! Tokende!

Mchawi yuko hapa, twende! Wanaume watano wenye bunduki wakatimua mbio, na godoro la Adèle likabaki kwenye matope.

Jumamosi kikundi cha maombi kikafika, wanawake saba. Kavuo alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa mama-mkwe wake, macho mekundu. Adèle akakaa, akakohoa kidogo.

— Mama Maliro, mama yetu. Tulisali sana. Bwana alijibu: ubaki. Mutu asikuguse.

— Aksanti, mwanangu.

— Mais... Jumanne, utume ndege ilale kwetu.

Kavuo alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba mama huyu si mchawi, hajawahi kutuma hata kuku. Lakini akiwaaminisha, bundi atakuwa ndege tu, na siku moja mtu atahitaji tena wa kulaumu. Elimu yake yote ya jioni akaiweka kando.

Mama Maliro akapanga kitenge chake taratibu.

— Jumanne hapana. Jumanne inapumzikaka.

— Na Jumatano?

— Jumatano, sawa. Mais mufunge mbwa.

Wanawake wakaitika kwa kichwa, wote saba. Halafu Adèle akasimama na kuanzisha wimbo wa kufunga, ule wa kumshukuru Mungu anayeangamiza wachawi wote, na wenzake wakaupokea kwa sauti kubwa, wakipiga makofi, Mama Maliro akipiga zaidi ya wote.

Kavuo alipiga magoti, akaanza kufungua mzigo. Sagesse akaja, akamshika bega, na katikati ya kelele ile, ambamo mama yake peke yake aliweza kumsikia, akasema kwa sauti:

— Mama, ile ndege haiko ya koko.