Pazia la Sitara

Katika nchi ya Sitara, iliyosifika kwa adabu na kulaaniwa kwa dhuluma, ilikuwa ada maskini ahukumiwe nyuma ya pazia, kusudi machozi yake yasiutie unyevu uadilifu wa hakimu. Tajiri alikaa mbele, juu ya takia, akipepewa. Wenyeji waliuita utaratibu huo usawa; na aliyethubutu kuuliza usawa gani, aliambiwa mwenye macho haambiwi tazama.

Insafu binti Haya alikuwa wakili mchanga, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza. Alimtetea Bi Stahamala, ajuza aliyetakiwa kuhama kibanda chake ili Bwana Uchu ajenge zizi la punda. Akishindwa, masika yangemkuta bibi huyo nje.

“Tetea, wakili,” alisema Hakimu Takaburi, “au umekuja kutuonyesha joho jipya?”

“Mheshimiwa, mteja wangu…” Sauti ilimtoka nyembamba.

“Mbu huyo!” akadakia Bwana Uchu. “Nileteeni chandarua!”

Baraza likaangua kicheko. Machozi yakamlenga Insafu. Ndipo kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya upole: “Usiwajali, mwanangu. Njoo ukae, upumue.”

Insafu akaiacha meza ya mawakili, akazunguka nyuma ya pazia, akaketi mkekani.

“Mikono baridi hivi!” alinong’ona Bi Stahamala, akiikumbatia kwa yake.

“Wakili! Rudi mbele!”

“Niwie radhi, mheshimiwa. Ninayemtetea yuko huku.”

Sheria ilikataza kuhukumu pasipo kumwona wakili, na pazia halikuguswa ila na hakimu. Takaburi akainuka kwa ghadhabu, akalivuta, kinywa kimejaa makaripio. Mbele yake akaona mvi, na mgongo uliopinda kwa miaka. Ulimi, uliofunzwa na mamaye kabla haujafunzwa sheria, ukamtangulia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo,” akajibu hakimu, na ghadhabu haikurudi tena. Nani katika Sitara aliwahi kumwamkia mzee kisha akamfukuza kwake? Akachutama kando ya mkeka. “Tueleze, mama. Kibanda hicho ni cha nani?”

Insafu akafumbua kinywa. Bi Stahamala akamminya mkono. “Hili nitalisema mwenyewe.”

Akalisema lote: mume aliyekandika kuta zile, watoto waliozaliwa humo. Hakimu akaamua kibanda ni cha bibi.

“Na punda wangu?” alilalama Bwana Uchu.

“Sebule yako si kubwa, baba?” akauliza Bi Stahamala.

Baraza likacheka tena, na safari hii Insafu akacheka nao, mikono yake ingali ndani ya mikono ya bibi, imeshapata joto.