Magitaa Manne, Kitanda Kimoja

Usiku wa jana niliota magitaa manne yamelala kwenye kitanda changu, yanavutana shuka, na mimi nimekaa sakafuni nayasikiliza.

Magitaa yenyewe nayajua. Ni ya kwenye wimbo ninaoutengeneza kwenye kompyuta yangu. La kwanza kalipiga baba mwezi wa kwanza, hapa hapa chumbani, tumesimamisha godoro ili sauti isigonge ukuta. Kapiga ridhimu yake taratibu, mara moja tu, akasema inatosha. Wiki mbili mbele kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Mkono hausogei tena. Kwa hiyo lile ndilo gitaa la mwisho la baba, hakuna lingine litakalokuja.

Mimi nikaliona liko peke yake, nikaliwekea matatu yangu juu, moja likiwa la solo. Magitaa makavu yote, yasiyo ya umeme. Juzi nikampelekea asikilize. Kasikiliza mpaka mwisho, mdomo umepinda, akaniuliza, "Gaspa, mimi niko wapi humu?"



Ndotoni ni mchana. Kazi yangu ni kumtafuta baba hapo kitandani.

"Sogeeni," nawaambia.

"Tusogee wapi?" linauliza solo langu. Limevaa koti. "Si wewe uliyetulaza hapa?"

"Wawili hawakai sehemu moja. Ndiyo sheria ya kuchanganya sauti."

"Basi tupangie, acha maneno."

Nalisukuma kushoto. Nasukuma kidogo tu, lakini linapita ukutani, linatokea kwa jirani, mama Shani, anamenya ndizi, linamwamkia shikamoo, linaendelea. Baada ya muda linanipigia simu.

"Nimefika Dodoma. Nizidi kushoto?"

"Hapo hapo panatosha."

La pili nalipeleka kulia. Hilo linaishia Chalinze, linalalamika jua kali. La tatu nalipandisha juu, kwa sababu chini kumejaa. Linakaa juu ya bati, linapiga sauti nyembamba kama mtu anayesaka funguo mfukoni.

Narudi kitandani. Limebaki gitaa la baba peke yake. Na bado silisikii vizuri. Kuna mvumo tu, buu, kama pipa tupu.

Kisu cha jikoni kinaingia kwa miguu yake.

"Tumbo limejaa," kinasema. "Kata. Mafundi wote wanakata."

"Nikate kiasi gani?"

"Mpaka sauti iwe safi."

Nakata. Gitaa halilii. Ndani ya tumbo kuna kigoda kinachokwaruza kikikaliwa, kuna jogoo wa jirani, kuna pumzi ya baba, ile anayovuta kabla ya kuanza kupiga. Vyote natoa, naweka kwenye beseni. Chini kabisa kuna mkono. Mkono wa kulia wa baba, umekaa kama mgeni aliyesahaulika sebuleni.

"Unatafuta nini humu?" unaniuliza.

"Nakutafuta wewe."

"Sasa mbona unatupa pumzi yangu? Irudishe. Mimi sianzi kupiga bila kuvuta pumzi."

Narudisha pumzi. Narudisha na kigoda. Jogoo anakataa, namwacha.

"Haya piga, baba," nasema.

"Nitapigaje? Hebu sikiliza kwanza."

Nasikiliza. La Dodoma linapiga. La Chalinze linapiga. La juu ya bati linapiga. Nimeyapeleka mbali yote, lakini yote yanapiga kile kile anachopiga baba, ila yanapiga kwa fujo. Hata solo langu siyo solo, ni baba aliyeharakishwa. Tangu mtoto mimi sijui kupiga kitu kingine.

Hapo chumba kinakuwa barabara, na kwenye nguzo ya barabarani kuna swichi moja ya taa. Naishika.

Simu inalia. Ni solo. "Unatuzima?"

"Ndiyo."

"Sote watatu?"

"Wote."

"Poa. Ila jiulize. Ukituzima sisi, wewe utakuwa wapi humu?"

Mimi nilitaka tuwe wawili kwenye wimbo, mimi na baba, hakuna kingine. Hatukuwahi kupiga pamoja hata siku moja. Kila nikimwomba alikuwa ananiambia subiri, jua kwanza kupiga. Nikasubiri, mkono ukafa.

Nazima.

Dodoma kimya. Chalinze kimya. Juu ya bati kimya. Mkono unavuta pumzi, sijui kwa pua ipi, unaanza. Ridhimu ile ile, taratibu, kila uzi unausikia kwa nafasi yake. Nakaa katikati ya barabara nalia. Magari yamesimama, madereva wamezima injini. Hakuna anayepiga honi.

Mkono unamaliza.

"Nimechoka," unasema. "Nipeleke kwa mwenyewe."

Nautia ndani ya shati kama kifaranga. Una joto. Nakimbia, na barabara inakuwa koridoo ya kwetu, ila milango imekuwa mingi. Nafungua mmoja mmoja. Stoo. Choo. Darasa la kidato cha pili nililoliacha, mwalimu bado anaandika ubaoni, ananiambia funga mlango, vumbi linaingia. Nafunga. Umebaki mlango mmoja, wa baba. Nashika kitasa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Chumba cha pili mama alikuwa anamwosha baba kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kama kila asubuhi. Nikasimama mlangoni.

"Baba Gaspa, umeshika nini wewe?" mama alikuwa anamwuliza. "Mkono huu jana nimeuosha mwenyewe. Leo dole gumba jeusi, limepakwa masizi gani?"

Baba alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Haukusogea.

Nikainama karibu. Siyo masizi. Weusi ule naujua, una harufu ya chuma. Ni wa nyuzi kuukuu, unaobaki kidoleni mtu akipiga kwa muda mrefu.

"Mama, usisugue."

"Nisisugue uchafu?"

Alikuwa keshasugua.