Maziwa ya Bure

Maziwa yalipoanza kugawiwa, Bi Sindano, mshona soli, machale yakamcheza. Tajiri wa kiwanda kile cha viatu alikuwa mkono wa birika. Aliwahi kuwakata watu mshahara kwa kipande cha sabuni, na Bi Sindano hasahau. Leo mtu huyohuyo anampa kila mpaka gundi pakiti ya maziwa, bure?

"Yanasafisha kifua," msimamizi alisema, akiwa mlangoni.

Hilo nalo. Tangu liletwe pipa jipya la gundi, lebo yake imekwanguliwa ikabaki mikwaruzo, msimamizi hajavuka kizingiti. Zamani aliwapumulia shingoni kutwa nzima. Sasa anafoka kutoka nje, leso puani, eti ana mafua. Mafua gani hayo yanayompata akifika mlango mmoja tu?

"Wifi, harufu hii haikusumbui?" Bi Sindano akamuuliza mke wa kaka yake, aliyekuwa akipaka gundi kwa brashi, tumbo lake la ujauzito likigusa meza.

"Ni tamutamu tu. Kichwa ndicho kinauma. Lakini wamesema ni dawa ya kulainishia gundi."

"Dawa. Inatibu nini?"

Wapakaji wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama nafasi tupu mezani, ya mpwa wa msimamizi. Binti yule alihamishiwa chumba cha kufungia maboksi asubuhi ileile pipa liliposhushwa.

Akamfuata msimamizi uani. "Bosi, mpwa wako kakosa nini pale mezani?"

"Mambo ya ofisi hayo."

"Na wifi yangu mjamzito ni mambo ya nani?"

Msimamizi akaangaza huku na huku. "Shemeji," akaanza, naye hajawahi kumwita shemeji, "usipige kelele. Wanasema kitu kile kinaleta kansa ya damu. Wanasema tu. Mtu akikivuta sana. Mpeleke wifi yako kwenye maboksi leo hii, nawe nenda naye. Ila yabaki kati yetu."

"Na wale wengine?"

"Wale si wana maziwa?"

Bi Sindano akakumbuka. Miaka ya nyuma, pipa kama hilo lilipoletwa mara ya kwanza, mpakaji mmoja aliishiwa damu mpaka akafa. Watu wakaambiwa amelogwa. Tajiri akanunua jeneza, akasifiwa kwa moyo wake mkubwa.

"Asante, bosi," akasema kwa upole uliomtisha hata yeye.

Akamshika wifi yake mkono, akampeleka kwenye maboksi, akahakikisha ameketi. Kisha akarudi chumba cha gundi, akafunika pipa, akawaeleza wenzake yote, la kansa na la "yabaki kati yetu".

Brashi zikawekwa chini, moja moja. Mpakaji aliyewazidi wote umri akafuta vidole kwenye aproni, asiinue macho.

"Na sisi ambao tumeshaivuta?"

Bi Sindano akatangulia mlangoni. Wakatoka na swali hilo, wote kwa pamoja, kwenda kumuuliza tajiri.