Plasta Juu ya Taa

"Sibandui," alisema Mwalimu. "Na wewe usiiguse."

"Basi nionyeshe kidonda. Mimi nimezoea plasta kukaa juu ya kidonda. Juu ya taa ndiyo naiona leo."

Walikuwa wamesimama, mume na mke, huyu upande huu wa gari, yule upande ule, milango ya mbele iko wazi, maneno yakipita juu ya paa kama mpira juu ya wavu. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, mama mzazi wa Mwalimu alikuwa ameshakaa nusu saa nzima, begi mapajani, kadi ya hospitali mkononi, anasikiliza. Macho yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, na leo saa tatu asubuhi lile la kulia lilikuwa linafanyiwa upasuaji. Daktari wa macho alifika hospitali ile mara mbili tu kwa mwaka. Bibi alikuwa amesubiri miezi minane, na barua ya hospitali haikuzunguka: asiyefika kuandikishwa ifikapo saa mbili na nusu, nafasi yake anapewa anayefuata.

Sasa ilikuwa saa moja na robo, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, juu ya mlima.

Mke wa Mwalimu aliitwa Mama Viti na mtaa mzima. Alikuwa na stashahada ya ushonaji kutoka chuoni, na karakana yake ya kushona viti vya magari ilikuwa hapo hapo uani. Magari ya watu aliyajua kuanzia makalioni. Chini ya viti alikuwa amekuta meno ya bandia, barua za mapenzi na kiatu kimoja cha harusi, na hakuna hata kimoja kilichomshangaza. Lakini asubuhi hii, alipoingiza mkono kupangusa vumbi kwenye dashibodi ili mama mkwe asafiri kwa heshima, alikuta plasta ya kidole, ile ya rangi ya kahawia, imebandikwa barabara mahali inapokaa taa nyekundu yenye umbo la birika.

"Hiyo taa ya oili inawaka tangu lini?" aliuliza.

"Haiwaki."

"Haiwaki kwa sababu umeifunika."

"Si ndiyo hivyo? Haiwaki."

Mama Viti alivuta pumzi. Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuvuta pumzi.

"Mke wangu," Mwalimu alilainisha sauti, ile sauti aliyoitumia kwa wanafunzi wake wa udereva waliogonga nguzo. "Si nyinyi mnaosema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nimeziba."

"Umeziba taa. Ufa uko palepale."

"Hili ni gari la Kijapani!"

Hapo Mama Viti alijua hotuba imekuja. Kila mwanafunzi wa udereva aliisikia siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata klachi. Kwamba kampuni iliyotengeneza gari hili haikuanza na magari, ilianza na mashine za kufuma nguo. Kwamba mwanzilishi wake alikuwa mtoto wa seremala, akamwona mama yake anavyohangaika na kitambaa, akakaa akabuni mashine ya kumpunguzia kazi. Kwamba faida ya nguo ndiyo iliyozaa magari, na magari yakaenea dunia nzima, jangwani, milimani, matopeni, na yale yaliyozikwa yalifukuliwa yakawaka. Gari lake mwenyewe lilikuwa na miaka ishirini na mbili. Lilikuwa limefundisha watu mia nne, limepandishwa kwenye vibaraza viwili na jaa moja, na lilikuwa halijawahi kumlaza njiani.

"Halifi," alimaliza Mwalimu, akalipiga paa kofi la mahaba. "Tuingie, mama anachelewa."

"Mama atachelewa zaidi likizima katikati ya mlima," alisema Mama Viti. "Tunapita kituo cha mafuta kwanza. Fundi alitazame. Akisema twende, tunakwenda na plasta yako. La sivyo, mimi na mama tunashuka."

"Dakika tano," alisema Mwalimu.

"Dakika tano," alisema Bibi kutoka nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua kinywa.

Kituo cha mafuta kilikuwa nusu kilomita. Njia nzima injini ilikuwa inagonga tik-tik-tik, kama mtu anayehesabu shanga. Mwalimu alipandisha redio. Bibi alisema, "Shusha." Mwalimu alishusha.

Fundi wa pale aliitwa Spana. Alikuwa na shimo lake la kuchungulia magari nyuma ya pampu, na kando ya shimo kulikuwa na benchi, na juu ya benchi, kama kawaida ya kila asubuhi, walikuwa wamekaa wenye magari ya aina ile ile ya Mwalimu. Hawakuwa na chama wala kadi. Walikuwa na benchi tu, na imani. Leo walikuwa watatu: dereva wa teksi, mkuu wa shule mstaafu, na muuza mbao.

"Mwalimu!" aliita dereva wa teksi. "Mnyama anaendeleaje?"

"Shemeji yenu anataka kumpeleka hospitali," alisema Mwalimu, akicheka peke yake. "Eti taa imewaka."

Benchi lilicheka.

"Shemeji," alisema dereva wa teksi, "hizo taa waliweka kwa ajili ya watu wa baridi huko kwao. Mimi oili sijabadilisha mwaka wa sita huu. Naongeza tu. Inapungua, naongeza. Si ndiyo kama supu?"

"Langu radieta inavuja," alisema mkuu wa shule kwa fahari, kama mtu anayetaja mjukuu aliyefaulu. "Natembea na dumu la maji. Nikifika kona ya soko nalinywesha, nikifika posta nalinywesha. Linanirudisha nyumbani."

"Nyie mnacheza," alisema muuza mbao. "Mimi breki zangu nakanyaga mara tatu. Ya kwanza nabisha hodi. Ya pili wananiuliza nani. Ya tatu ndiyo karibu. Na mbao nabeba!"

Walipigana mabega kwa furaha. Mama Viti aliwatazama mmoja mmoja. Viti vya magari yao yote alikuwa amevishona yeye, tena kwa uzuri, na sasa alijiona kama aliyempamba maiti.

Spana hakucheka. Alikuwa ameshafungua boneti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu kama mfupa ulioachwa juani.

"Mwalimu," alisema, "oili hamna."

Mwalimu alikisogelea kijiti, akakigeuza huku na huku. "Kijiti ndicho kibovu."

"Kijiti ni chuma. Kinaharibika vipi?"

"Si ungeongeza kidogo tu, tukaenda?"

"Naweza kuongeza. Lakini hiyo milio ni ya chuma kinakula chuma, na sijui injini imeshalika kiasi gani. Nikiongeza oili ikapona, sawa. Isipopona, itakufia mlimani na mgonjwa ndani. Mimi siwezi kukuambia nenda. Nataka kuifungua nione."

"Unaogopa bure, Spana! Mashine ya Kijapani haisimami ovyo!"

"Nani kakuambia?"

Wote waligeuka. Bibi alikuwa ameteremsha kioo cha nyuma. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye pampu ya dizeli, si kwao, lakini sauti ilifika bila kupotea njia.

"Mama, naongea kuhusu historia ya..."

"Historia ya mashine za nguo. Nimeisikia. Umeisimulia uani kwangu miaka yote hii kama vile uliiokota wewe. Nani kakulisha?"

"Wewe, mama."

"Kwa kazi gani?"

Mwalimu alikohoa. "Kiwanda cha nguo."

"Miaka ishirini na sita. Ukumbi wa pili, mashine ya kumi na moja, na mashine yenyewe ilikuwa ya Wajapani hao hao. Sasa nikuambie kile ambacho wanafunzi wako huwaambii, maana hukijui. Ile mashine sifa yake haikuwa kwenda. Mashine zote zilikwenda. Sifa yake ilikuwa kusimama. Uzi mmoja tu ukikatika, mmoja kati ya maelfu, inasimama yenyewe, kimya, inakusubiri uunganishe. Ndicho alichobuni huyo mtoto wa seremala wako. Mashine yenye aibu."

Benchi lote lilikuwa limegeukia dirisha lile. Hata kijana wa pampu alikuwa ameacha kupangusa kioo cha mtu.

"Tukapata msimamizi mmoja," aliendelea Bibi, "mjanja kama nyinyi hapo kwenye benchi. Yeye alitaka mita nyingi za kitambaa. Kila mashine ikisimama anaumwa tumbo. Siku moja akaja na kamba, akaifunga ile mikono ya chuma inayosimamisha mashine. Tukafuma siku tatu bila kusimama, yeye anapita katikati yetu anapiga mluzi. Siku ya nne wakakunjua kitambaa. Ufa kutoka mwanzo wa jora mpaka mwisho, ungeweza kupitisha mbuzi. Majora arobaini! Msimamizi tulimsindikiza mpaka getini."

"Mama..."

"Wenzako walikaa wakaumiza vichwa mashine ijue kusema. Wewe umeifunga mdomo kwa plasta. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa nikiwa humu ndani. Mkwe wangu, saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini, mama," alisema Mama Viti.

Katika miaka kumi na tisa, wanawake hawa wawili walikuwa wamegombana juu ya chumvi, mapazia, majina ya watoto na namna ya kukunja shuka. Mama Viti hakukumbuka hata siku moja walipokuwa upande mmoja. Alijikuta anamshika mkono mama mkwe dirishani, na mkono ule ukamshika pia.

"Pandeni kwangu!" dereva wa teksi alisimama, moyo wake safi kabisa. "Nawapeleka bure."

"Huyu ndiye wa supu?" aliuliza Bibi.

"Ndiye, mama."

"Aketi."

"Basi mimi," alisema mkuu wa shule. "Dumu limejaa."

"Tusimame kunywesha kila kona? Aketi."

Muuza mbao alifungua mdomo, akakumbuka alichokisema, akaufunga. Aliketi bila kuambiwa.

Hapo pampu ya kwanza gari jingine lilikuwa linamaliza kujazwa mafuta. Lilikuwa la aina ile ile, hata rangi, na kwa umri lilikuwa kaka wa lile la Mwalimu. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi wa miwani, aliyeitwa Daftari na wanaume wa benchi kwa sababu ndani ya gari alikuwa na daftari la kuandika kila oili iliyomwagwa na kila nati iliyokazwa. Walimcheka sana. Walisema analibembeleza gari kama kichanga.

"Spana," aliuliza Mama Viti kwa sauti kila mtu asikie, "yule mkunga umemtengenezea nini mwaka huu?"

"Kumtengenezea? Sijamtengenezea kitu. Anakuja kila kilomita elfu tano, linaumwa lisiumwe. Namwaga oili, natazama breki, anaandika, anakwenda. Wateja kama yule wakiwa kumi, nitafunga karakana." Alielekeza kidole kwenye benchi. "Hawa ndio wanaonilisha. Lile wanalosema halifi ndilo ninalolifufua kila mwezi."

"Uongo!" alisema mkuu wa shule, bila nguvu.

Mama Viti alikuwa ameshaondoka. Alivuka kwenda pampu ya kwanza, hatua nane za haraka, akainama dirishani.

"Shikamoo, dada. Samahani. Nina mama mkwe hapa, saa mbili na nusu anatakiwa hospitali ya mlimani kwa macho, na gari letu limekataa kwa haki yake. Unaelekea wapi?"

Mkunga alimtazama yeye, akatazama nyuma yake lile gari lenye boneti wazi, akatazama benchi. "Nilikuwa naelekea sokoni," alisema. "Soko halihami. Mlete."

Mwalimu aliwahi mlango wa nyuma kabla mkewe hajarudi. Alimshusha mama yake taratibu, begi bega moja, mama bega jingine, akamvusha mpaka kwenye gari la mkunga kama anavusha sinia la mayai. Alimfunga mkanda. Kisha akazunguka kwenda mlango wa pili ili aingie.

Mama Viti alikuwa ameshakaa hapo.

"Na mimi?" aliuliza Mwalimu.

Alimtazama mumewe. Shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, kitambaa cheupe mfukoni kwa ajili ya machozi ya mama yake akifunguliwa jicho. Alimpenda, na angemwambia baadaye. Sasa hapakuwa na muda wa hayo.

"Wewe mpe Spana ufunguo. Alifungue leo hii, na wewe ukae papo hapo ulione tumbo lake mpaka mwisho. Likishindikana, liuze vyuma. Likipona, wanafunzi uwafundishe taa kabla ya hotuba. Saa saba njoo hospitali kwa miguu yako."

"Kwa miguu? Mlima wote ule?"

"Kwa miguu hutahitaji oili," alisema Bibi. "Mpe fundi ufunguo, mwanangu."

Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni, akamrushia Spana, na Spana akaudaka.

"Shimoni!" alisema Spana. "Nyie wa benchi, haya, simameni tusukume. Siliwashi tena hili."

Mkunga aliwasha gari lake. Liliwaka mara moja, bila tik-tik, likatoka barabarani. Bibi aliinamisha kichwa akasikiliza injini, kama zamani alivyokuwa akisikiliza ukumbi mzima wa mashine.

"Sasa wanafanya nini huko nyuma?" aliuliza.

Mama Viti aligeuka. "Wanasukuma, mama."

"Wote?"

"Wote wanne, na mwanao yumo. Muuza mbao amevua shati."

"Vizuri," alisema Bibi, akashika kadi yake kwa mikono miwili. "Dereva, ongeza mwendo kidogo, tafadhali."