Stadi kwa Herufi Kubwa

Tangu cheti chake cha ufundi kifike, nyumba ya fundi bomba mmoja ilikuwa haikaliki. Kilikuja na karatasi ya maelekezo: jina la cheti liandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno muhimu, Fundi Bomba Stadi wa Daraja la Kwanza. Liandikwe, jamani! Lakini fundi wetu, kwa ulevi wa sifa, akaamua kwamba hata kutamkwa litamkwe hivyo hivyo.

"Ukiniita 'fundi' tu, siitiki," alimwambia mkewe. "Hiyo ni herufi ndogo."

"Na hiyo kubwa inatamkwaje, baba?"

"Kwa kituo, na kifua mbele."

Mke akacheka mpaka akakaa chini. Mume hata hakutabasamu. Jioni hiyo alikuwa anakuja mama mwenye nyumba ya wageni, mtu asiyetaka mchezo, kumpima kama anafaa kupewa kazi ya mabomba ya vyumba vyote. Kwa mtu aliyechoka kuzibua masinki ya majirani, kazi ile ilikuwa ndiyo bahati yenyewe. Akavaa suti, akatundika mlangoni kibao kipya chenye jina hilo lote, akaketi sebuleni.

"Fundi, koki ya jikoni inadondosha!" mke akaita.

Akanyoosha tai.

"Fundi, sasa inamwaga!"

Akakunja nne. Alitamani kuinuka, lakini akiitikia herufi ndogo leo, kesho si ataitwa "wewe"?

"Haya, sifa zitakuponza!"

Na pwaa! Koki ikaruka. Maji yakaingia sebuleni bila hodi, yakamjaa viatuni. Suti aliisahau hapo hapo. Alijitupa chini ya sinki akipiga kelele, "Spana! Mke wangu, spana!" Akakaza, akakaza tena, maji yakakatika.

Alipoinua kichwa, yule mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, gauni kalikunja mkononi.

"Namtafuta Fundi Bomba Stadi wa Daraja la Kwanza," akasema, kwa kituo, na kifua mbele.

Jina lilitamkwa vizuri ajabu. Siku nzima alikuwa analisubiri, na sasa limemkuta kalala kwenye dimbwi. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

"Katoka, mama. Mimi ni fundi tu."

Mama akaitazama koki. Haikutoa hata tone.

"Basi huyo akirudi, mwambie asisumbuke. Wewe njoo kesho na spana yako."

Akaaga, akaenda zake. Mke akaleta ndoo na tambara.

"Fundi," akaita, kwa sauti ndogo kuliko zote.

"Naam," akaitika, akapokea tambara.