Saini ya Mzee Stoo

Hakuwa na hema. Hakuwa na begi la mgongoni, wala viatu vya kupandia vilima, wala tochi isiyohitaji kupigwa kofi ndipo iwake. Mke hakuwa naye tena, huu ulikuwa mwaka wa nne tangu amzike. Cheti cha shule ya mchana hakuwahi kuwa nacho. Alichokuwa nacho alikipata jioni baada ya kazi, akiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa ambamo watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto. Na meno hakuwa nayo, hata moja. Hilo la mwisho walilijua watu wawili tu: yeye mwenyewe na daktari aliyemtengenezea ya bandia.

Hema aliazimwa. Begi alilishona mwenyewe kwa turubai kuukuu. Viatu alivipiga kiwi mpaka vikasahau umri wao. Meno aliyavaa, akafunga safari na wenzake.

Kilikuwa kikundi cha wastaafu waliozoea kutembea pamoja kila Jumamosi asubuhi kuinyoosha miguu. Mwaka ule waliamua kutoka kabisa, wakalale siku tatu kwenye kambi ya hifadhi, kati ya msitu na mto. Wote walimwita Mzee Stoo, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya kiwanda cha rangi, na katika miaka hiyo yote haukutoka msumari bila saini. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa ajili ya brashi moja. Kisa hicho Mzee Stoo alikisimulia mara nyingi, na hakikupungua chumvi hata siku moja.

Katika kikundi hicho alikuwamo mkunga mstaafu, mjane wa rafiki wa Mzee Stoo wa kiwandani, aliyekuwa akimwita mzee huyo shemeji. Mkunga alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili. Kwa miezi kadhaa sasa Mzee Stoo alikuwa akiipiga pasi shati lake la Jumamosi mara mbili. Alipocheka na Mkunga alicheka mdomo umefumba.

Kambi ile ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Katikati ya mahema palikuwa na sanduku kubwa la chuma, limefungwa kwa bolti kwenye zege. Kila siku kabla jua halijazama, askari wa hifadhi alisimama kando yake na daftari. Kila mgeni alileta begi lake, akatoa kila chenye harufu na kukitia sandukuni: mkate, matunda, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, hata peremende. Kisha aliandika alichotoa, akasaini, na askari akatazama ndani ya begi kuhakikisha hakuna kilichosalia.

"Nyani akipata kitu ndani ya hema siku moja," askari aliwaeleza walipofika, "kila hema kwake ni kabati. Na pua yake haitofautishi biskuti na dawa. Kinachonukia vizuri ni chake."

Mzee Stoo alimpenda askari yule papo hapo. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye sare iliyofuliwa mpaka ikapauka. Ila daftari lake lilimkera. Majina yalipandana, na chini ya orodha ya kila siku palibaki nafasi ambayo yeyote angeweza kuongeza neno. Mchana ule alimkalisha chini ya kibanda na kumfundisha: chora mstari mmoja chini ya jina la mwisho, kwa rula, ili siku ifungwe. Akamwambia pia neno alilowaambia wasaidizi wake wote stoo, kwamba saini si jina la mtu, ni mtu mwenyewe ameachwa kwenye karatasi. Askari aliitikia kila neno, ndiyo mzee wangu, ndiyo mzee wangu, na akachora mistari kwenye kurasa zote zilizobaki.

Jioni wakapanga foleni. Dereva, mstaafu wa malori na bingwa wa kutania wenzake, alijiweka karibu na sanduku akitangaza kila kilichotoka. Leo tutajuana, alisema, nani anapaka nini na nani anameza nini. Mafuta ya mgongo ya mwalimu mmoja yalizua kicheko cha dakika nzima. Chupa ya dawa ya tumbo ilipewa salamu ya kijeshi.

Mzee Stoo alikuwa na Mkunga nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Chini kabisa ya begi, ndani ya soksi, alikuwa na bomba la kukamua, la dawa ya kugandishia meno ya bandia. Ilinukia nanaa, na ubavuni palichorwa safu mbili za meno zikitabasamu zenyewe bila mtu. Aliona kwa macho ya akili Dereva akilinyanyua juu. Alitoa mkate wake, sabuni yake, na mafuta yake ya kujipaka. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, vitu vitatu, akasaini.

Askari alinyoosha mkono kwenye begi, kisha akaurudisha.

"Wewe mzee wangu sikupekui. Mtu aliyenifundisha kazi yangu leo mchana? Nitaonekana sina adabu."

Nafasi ya kusema ilikuwapo. Ilikuwa pana, wala hakuna aliyemharakisha. Mzee Stoo alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa heshima anayoistahili, akampisha Mkunga.

Asubuhi aliamka kabla ya wenzake, akayapaka meno na kuyavaa, akalirudisha bomba ndani ya soksi. Kulipopambazuka vizuri wote walikuwa wamekaa kwenye mawe kando ya mto wakinywa chai. Mkunga alisahau kikombe chake, akarudi kukichukua. Kilichofuata walikisikia kabla ya kukiona: mfuniko wa sufuria ukigongwa, Mkunga akifoka kwa sauti ya wodini, kisha ukelele mwingine ambao haukuwa wa kufoka.

Nyani dume, mkubwa kama mbwa wa getini, alikuwa ametoka ndani ya hema la Mzee Stoo kupitia mpasuko alioufanya mwenyewe. Mkunga alidhani anamfukuza, kumbe amemzibia njia. Nyani alimchana mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo, akamruka, akatokomea msituni.

Mkunga alielekeza mwenyewe namna ya kumfunga jeraha. Bana hapa, inua juu, si hivyo wewe, umewahi kufunga hata kifurushi? Alipokuwa akipandishwa gari kwenda zahanati alimwambia Mzee Stoo kwamba miaka yote ya ujane hakuna aliyemshika mkono, na aliyejitokeza ndiye huyo nyani. Wote wakacheka kwa kupoza roho. Mzee Stoo hakuweza hata kuinua macho. Mkunga alishonwa nyuzi kumi na moja.

Mchana alifika mkuu wa hifadhi, mama mmoja asiyepoteza maneno. Alilifungua daftari juu ya sanduku la chuma na kuwaita mmoja mmoja.

"Hii saini ni yako, mzee?"

"Ni yangu."

"Ulitoa kila kitu?"

"Nilitoa."

Alilisema bila kukwama. Meno yalikaa sawasawa kinywani, imara kabisa, kwa dawa ile ile.

Mkuu alimgeukia askari na kumuuliza kama alilikagua begi la mzee. Askari alisema hapana. Akaulizwa kwa nini. Askari akasema, "Kosa ni langu, mama." Hakuongeza kitu. Mkuu aliandika, akachukua funguo za sanduku mkononi mwa askari na kumkabidhi askari mwingine.

Walipokuwa wakipakia mizigo, askari alimfuata Mzee Stoo pembeni. Alimpa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mkubwa wake.

"Kitu chako, mzee wangu. Kilidondoka kule kichakani."

Hakuhitaji kukikunjua. Nanaa ilinukia kupitia karatasi. Mzee Stoo alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na viatu vyake vilivyopigwa kiwi. Alisema asante. Kati ya maneno yote aliyojifunza maishani, hilo ndilo alilolipata.

Nyumbani alilificha bomba kwenye droo, akalitoa, akalitupa jalalani, kisha akatoka kulirudisha kabla gari la taka halijapita. Lilikuwa na alama nne za meno, meno halisi, zimezama kwenye ile picha ya tabasamu. Jumamosi alitoa udhuru, hakwenda kutembea. Jumapili alijikaza kwenda kumjulia hali Mkunga.

Alimkuta sebuleni, mkono umelazwa juu ya mto, akijifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto na kujitukana kila kilipoyumba. Alimsimulia habari zote mwenyewe. Askari amesimamishwa. Barua imekuja kutoka hifadhi: wahusika wote waandike wanachokijua, ifike kabla ya mwisho wa wiki, ndipo iamuliwe kama ataendelea na kazi au la. Dereva alikuwa amekwisha kuandika ukurasa mzima, karibu wote ukimhusu Dereva.

"Mimi ndiye niliyeumia, kwa hiyo wataniamini mimi," alisema Mkunga. "Nikisema alizembea, anaondoka. Na nikisema hakuzembea, watauliza nani basi aliyezembea. Nani, shemeji?"

Alimtazama usoni bila mzaha. Mzee Stoo aliushika mkono ulio mzima kuaga, akasema atarudi, na njiani alitambua kwamba hata kuaga aliaga akiwa amejiziba mdomo kwa leso.

Jumatatu alikaa mezani na karatasi za mistari. Mwalimu wake wa shule ya jioni alisisitiza kwamba barua nzuri husema jambo lake katika sentensi ya kwanza. Barua yake ya kwanza ilianza na historia yake ya kazi. Aliisoma, akaichana. Ya pili ilisema kwamba kifaa fulani cha matumizi binafsi kilisalia begini kwa bahati mbaya. Hiyo aliisoma mara mbili. Ilikuwa nzuri, ya heshima, na isingemdhuru mtu. Alikaribia kuisaini. Kisha akamkumbuka yule askari akisema kosa ni langu, akiwa na lile bomba ndani ya karatasi mfukoni mwake, akijua. Na neno "bahati mbaya" likamkaba. Akaichana nayo.

Ya tatu aliiandika akiwa amesimama, kalamu ikikwaruza.

"Mkuu wa Hifadhi. Sina meno. Ninavaa ya bandia, na dawa ya kuyagandisha niliificha begini ili wenzangu wasijue. Nilisaini kwamba nimetoa kila kitu. Nilisema uongo kwenye daftari, na nikausema tena mbele yako. Askari wako hakunipekua kwa sababu alinipa heshima, nami niliitumia heshima hiyo kujificha. Aliliokota bomba akanirudishia bila kunitaja. Namwomba radhi yeye, na namwomba radhi aliyejeruhiwa. Bomba nimelifungasha humu."

Chini kabisa aliandika: "Nakala kwa Mkunga." Hapo kalamu ilisimama muda mrefu. Aliiona Jumamosi, foleni ya wazee njiani, Dereva akitangaza. Alimwona Mkunga akisoma kwa kuishika karatasi na mkono wa kushoto. Huenda angecheka. Huenda asicheke, na hilo lilimtisha zaidi. Alisaini, akachukua rula, akachora mstari chini ya jina lake. Kisha akainakili yote upya, neno kwa neno, pamoja na neno meno.

Posta, karani wa dirishani aliibonyeza bahasha ya kwanza, nene upande mmoja, akauliza kuna nini ndani.

"Dawa ya kugandishia meno," Mzee Stoo alisema. "Ya kwangu."

Aliyesimama nyuma yake aliacha kukohoa. Karani akamsogezea fomu, bila kumtazama, na kumwonyesha pa kusaini. Mzee Stoo alilamba gundi ya bahasha ya pili, ile nyembamba, akaibana kwa viganja vyote viwili mpaka ikashika, na kuziweka zote mbili kwenye mizani. Karani alizigonga muhuri na kuzitupa kwenye gunia lililokuwa nyuma yake.