Kona Aliyoifuta Ndanu

Vumbi lilipodondoka juu ya karatasi yake mara ya tatu, Ndanu aliacha kuchora akainua kichwa. Taa yake ilimulika dari la pango, jiwe jeusi lililopinda kama tumbo la chungu, na katikati ya jiwe hilo palikuwa na ufa ambao hakuwa ameuona alipoketi. Akanyamaza asikilize. Du. Kisha kimya kidogo. Du. Kila mlio ulipokuja, chembe za udongo zilichuruzika kutoka kwenye ufa na kutua juu ya mistari ya penseli.

Aliuuliza ukuta zaidi ya kumwuliza mtu, huo mlio ni wa nini. Mutinda, aliyekuwa hatua chache mbele akisoma dira, alitega sikio kisha akacheka kidogo. Alisema huko juu kuna mtu anatwanga muthokoi.

Ndanu hakucheka. Alikuwa amekulia Kangundo na mlio wa mchi kwenye kinu aliujua vizuri, anavyoujua kila mtoto ambaye chakula chake kilikuwa mahindi yaliyokobolewa kwa mkono. Kilichomtia baridi ni kuusikia kutoka chini ya ardhi, waziwazi namna ile, kana kwamba anayetwanga yuko chumba cha pili.

Walikuwa watatu mle ndani. Mwalimu Mwanzia, aliyefundisha jiografia miaka thelathini kabla ya kustaafu, ndiye aliyekuwa kiongozi. Mutinda, fundi wa mawe kutoka Tala, alivuta tepu na kusoma dira. Ndanu alichora. Machimbo ya mawe ya Kwa Ngali yalikuwa yametoboka mwaka uliopita na kufunua shimo, na kamati ya kijiji ikamwomba Mwalimu apime pango hilo ili wajue linaelekea wapi kabla watoto na mbuzi hawajaanza kupotelea humo. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Unaweka kituo, unapima umbali na upande hadi kituo kinachofuata, na mchoraji anajaza yaliyo katikati: kuta zinavyopanuka, dari linavyoshuka, mawe yaliyoanguka. Vipimo ni mifupa, Mwalimu alipenda kusema, na mchoro ni nyama.

Siku hiyo mifupa na nyama havikupatana. Baada ya kituo cha sita, ambapo Mutinda alibadilisha taa, macho ya Ndanu yalimwambia kwamba njia inakata kona kwenda kushoto, na mkono wake ukaichora hivyo. Lakini Mutinda alipomsomea namba za dira, mstari ulitoka karibu umenyooka. Ndanu aliangalia nyuma, akaangalia mbele. Gizani mtu hudanganyika kwa urahisi, na kwenye pango jingine kule Yatta, miezi minne kabla, alikuwa amechora chumba kizima upande usio wake, hadi Mwalimu akalazimika kuomba msamaha mbele ya wenye shamba. Hakutaka kuwa yule tena. Akatoa kifutio, akaifuta kona, akachora njia iliyonyooka kama dira ilivyotaka.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Ndanu alikaa juu ya jiwe, akapanga namba zote na kuziweka juu ya vipimo vya uso wa ardhi walivyochukua asubuhi. Chumba chenye ufa kilitua sawasawa chini ya boma la mama mmoja aitwaye Syokau. Chini ya jiko lake, kwa usahihi zaidi.

Walimkuta Syokau akipepeta mahindi uani. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akilea wajukuu watatu ambao mama yao alifanya kazi kiwandani Mavoko. Mwalimu alimweleza taratibu kwa Kikamba. Ndanu aliuliza jambo moja tu, kama alikuwa akitwanga saa nane, naye akajibu ndiyo, muthokoi ya kesho. Hakuna aliyemwuliza alikuwa akitwangia wapi.

“Mwaitu, hili jiko usiingie tena,” Ndanu alimwambia, akimwita mama kama heshima ilivyotaka. “Wewe na watoto mkae nyumba kubwa mpaka tupime vizuri.”

Syokau alilitazama jiko lake, chumba cha matofali cha upande wa pili wa ua, alikokuwa akimlaza mjukuu wake mdogo, Lavender, kwa sababu kifua chake kilipenda joto la mekoni. Hakubisha. Alibeba godoro la mtoto akalipeleka nyumba kubwa, akamwekea kitanda sebuleni. Ndanu alimsaidia kubeba blanketi.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Ndanu alikaa kwenye meza ya chumba chake Machakos mjini kuchora ramani safi. Alikuwa ameombwa aziweke chaji taa za kikundi, akazipanga mezani kando ya daftari. Ilikuwa yapata saa saba. Alipovuta dira ili aangalie jambo dogo, sindano iligeuka. Aliisogeza. Ikarudi. Akaisogeza tena karibu na taa ya akiba, ile Mutinda aliyoivaa baada ya taa yake kuzimika, na sindano ikahama tena kama mtu aliyeitwa jina.

Aliigeuza ile taa. Nyuma yake palikuwa na sumaku, ya kuibandika kwenye bodi ya gari.

Akafungua daftari. Taa ya Mutinda ilizimika kwenye kituo cha sita. Alikuwa ameliandika hilo pembeni, kwa herufi zake mwenyewe. Vipimo vyote kutoka hapo vilisomwa na mtu mwenye sumaku kwenye paji la uso. Akaijaribu dira mbele ya taa, umbali ule ule wa jicho la Mutinda, akiielekeza njia ilikoelekea. Ilipotoka mara digrii kumi na mbili, mara kumi na sita. Akachukua kumi na nne, akarudia hesabu, akiandika kila namba mara mbili. Kona ikarudi. Ilirudi pale pale alipoifuta. Na chumba chenye ufa kikasogea karibu mita kumi na mbili, kikavuka ua, kikatua chini ya nyumba kubwa.

Alimpigia Syokau. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena, akiisikiliza ile sauti ya kike isiyo na haraka ikimwambia ajaribu baadaye. Alimpigia Mutinda, anayekaa Tala karibu na huko, amwambie akimbie Kwa Ngali na pikipiki, lakini Mutinda alikuwa kwa wakwe, mbali na Tala, na angehitaji karibu saa nzima. Mwishowe akampigia Mwalimu.

Mwalimu hakumlaumu. Alikuja na pikapu yake kuukuu, akamfungulia mlango, wakaondoka. Njiani mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa mlima Ol Donyo Sabuk, mazito, ya rangi ya zambarau. Ndanu alikuwa na ramani mapajani na hakuacha kuiangalia, kana kwamba chumba kingeweza kusogea tena akikitolea macho. Alifikiria blanketi alilobeba kwa mikono yake. Alifikiria dari lile, na unene wake, ambao hawakuwa wameupima. Kila gari lililowatangulia lilionekana kutambaa. Mwalimu alimwambia kwamba jiwe lililokaa miaka elfu halichagui kuanguka siku waliyolipima. Ndanu alitaka kuamini. Lakini machimbo yalikuwa yakipasua mawe karibu pale kwa mwaka mzima, na hayo hayakuwa ya miaka elfu.

Walipoingia kwenye boma la Syokau, jambo la kwanza aliloliona ni viatu. Viatu vya wanawake vilipangwa mlangoni mwa nyumba kubwa, jozi kumi na kitu, na kutoka ndani kulikuwa na wimbo wa Kikamba na mlio wa miguu ikipiga sakafu kwa pamoja. Majirani wa kanisa walikuwa wamesikia habari za pango, wakaja kumwombea mama Syokau. Simu walikuwa wamezizima zote kwa ajili ya sala.

Ndanu alikimbia hadi mlangoni. Kila mdundo wa wale akina mama ulitua juu ya lile jiwe lenye ufa. Alitamani kupiga kelele, lakini alijua wakishtuka watakimbilia mlangoni wote kwa wakati mmoja. Akavua viatu, hakujua kwa nini, akasimama kizingitini hadi mwimbishaji, mama mnene aitwaye Pauline, akamwona na kunyamaza.

“Naomba mniwie radhi,” alisema, sauti yake ikitoka nyembamba kuliko alivyotaka. “Niliwapa habari isiyo sahihi jana. Pango haliko chini ya jiko. Liko chini ya hii nyumba. Naomba mtoke mmoja mmoja, polepole, mkipita kando ya ukuta. Mtoto atoke kwanza.”

Hakuna aliyesogea. Walimwangalia msichana huyu aliyesimama bila viatu, karatasi mkononi, kama wanavyomwangalia mtu aliyeingia nyumba ya matanga isiyo yake. Ni Syokau aliyeinuka. Alimchukua Lavender kitandani pamoja na blanketi lake, akapita kando ya ukuta, akatoka. Hapo ndipo wengine wakafuata. Ndanu aliwahesabu kwa midomo. Kumi na wanne, na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa nyanya aliyeshikiliwa kiwiko na Pauline, na hatua zake zilikuwa fupi mno hivi kwamba Ndanu aliona ni yeye mwenyewe aliyezeeka akimsubiri.

Uani, Syokau alimkabidhi mtoto kwa jirani, akaja akasimama mbele ya Ndanu.

“Jana wewe ndio uliniambia nilete huyu mtoto humu ndani.”

“Ndiyo, mwaitu. Nilikosea.”

“Na leo nitajua aje kama hujakosea tena?”

Ndanu aliuliza swali alilopaswa kuliuliza siku iliyotangulia, kwamba jana saa nane kinu kilikuwa wapi. Syokau alinyoosha kidole nyuma ya nyumba kubwa, chini ya ukingo wa mabati, penye kivuli cha mchana. Huko ndiko alikotwangia siku zote tangu aolewe.

Hata hivyo, swali la Syokau lilikuwa halali, na Mwalimu alisema hivyo mbele ya wote. Kulikuwa na njia moja ya kujua: mtu agonge dari la pango, na mwingine asikilize huku juu. Mutinda alikuwa ndio kwanza amefika, akitweta, na alipoambiwa habari ya sumaku aliivua kofia yake akaishika kifuani. Alisema ataingia yeye. Mvua ilikuwa haijafika, lakini upepo wake ulikuwa umeanza kuinua mifuko ya plastiki machimboni, na mdomo wa pango ulikuwa ndani ya shimo ambalo maji hukimbilia. Mwalimu alimpa nusu saa aende na kurudi, akasimama mwenyewe mdomoni na kamba.

Ndanu alilala kifudifudi nje ya nyumba, sikio lake likiwa juu ya saruji ya kizingiti, maana Mwalimu alimkataza kuingia. Wanawake walisimama kimya. Dakika kumi zilipita, kisha kumi na tano. Tone la kwanza la mvua lilimpiga shingoni. Alianza kufikiria kuta zile, na mtu mmoja chini yake akigonga jiwe lenye ufa kwa sababu yeye, Ndanu, aliamini kifutio kuliko macho yake.

Ndipo akasikia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Alimwashiria Syokau, naye akapiga magoti akaweka sikio lake pale. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu, na alichosema ni kwamba kijana huyo atolewe huko chini upesi kabla mvua haijakolea.

Mutinda alitoka akiwa na matope hadi magotini, mvua ikimwagika nyuma yake.

Siku ya Jumanne mafundi wa visima walitoboa sakafu ya sebule kwa chuma chembamba. Chuma kilipita kwenye jiwe sentimita themanini, kisha kikadondoka kwenye hewa tupu. Kamati ilifunga machimbo na kuizungushia nyumba kamba, na wanaume wa kijiji wakaanza kuezua mabati na kung'oa milango ili vijengwe upande wa pili wa shamba. Jumamosi wale wapimaji watatu walirudi ndani ya pango, kwa njia ambayo haikupita chini ya ule ufa, wakarudia kila kipimo kwenda na kurudi. Ndanu alichora kona kwa kalamu ya wino.

Walipotoka, Syokau alikuwa akiwangoja mlangoni mwa jiko. Wiki nzima walikuwa wamelala kwa jirani; sasa alitaka kurudi humo na watoto hadi nyumba mpya ikamilike. Alimwomba Ndanu amwonyeshe kwenye karatasi jiko liko wapi, na pango liko wapi, na katikati kuna nini. Ndanu alimwonyesha. Alimweleza kwamba safari hii kila namba imesomwa mara mbili na watu wawili, na kwamba chini ya jiko hakuna kitu ila mwamba.

Syokau alisikiliza hadi mwisho. Aliikunja ramani kwa uangalifu, akamrudishia.

“Sawa,” alisema. “Basi leo utalala hapa na sisi.”

Ndanu aliangalia sakafu ya udongo iliyofagiwa, mafiga matatu, godoro la Lavender limerudishwa mahali pake. Akatoa simu akampigia mama yake Kangundo, alikopanga kulala usiku huo, akamwambia asimtarajie hadi kesho, kisha akavua mkoba wa vifaa akauweka ndani, kando ya ukuta.